Usiku wa Nne wa Bani

Usiku wa nne ndio wa joto kali.
Kipimajoto kinaning'inia kwenye uzi wa katani.
"Sitini na tano," asema Kasoga, "isishuke,"
kisha anajilaza juu ya gunia, buti miguuni,
mimi nabaki na moto.

Moto wa tumbaku haujui kusinzia.
Unakula mninga kama unavyokula mtundu,
hauulizi mti ulipandwa na nani
wala kama ulipandwa.
Nilijaribu kuhesabu mikokoteni,
mstari kwa mstari, kwa mkaa, ukutani,
kama anayehesabu miezi ya mimba ya mbuzi.
Nilipofika kumi na tisa
mvua ikapiga upande ule, ikafuta.

Mvua yenyewe ilifika katikati ya Desemba,
mgeni aliyechelewa na bado anadai maji ya kuoga,
Januari ikatuletea mawe.
Shamba la jirani yetu Lushinge likawa chekeche,
jani kwa jani.
Deni lake halikutoboka.

Palikuwa na msitu hapa. Nasema "hapa"
nikionyesha kwa kidole cha mguu,
maana mikono imeshika gogo.
Nilipoolewa Igigwa, aliyekata kuni
alikuwa akipiga soga na aliyebaki tanurini,
bila kupaza sauti.
Siku hizi mkokoteni unaondoka na nyota
na kurudi jua likiwa limeinama, ng'ombe shingo zimechubuka.
Bani halikuhama.

Saa nane hivi nilisukuma gogo la mtundu,
nene, lina tundu ubavuni lililozibwa kwa nta.
Sikuliona.
Au niliona.
Moto ukanyamaza kidogo, kama mtu anayeonja chumvi,
halafu harufu:
asali inaungua,
asali ya utoto, kidole changu ndani ya mzinga wa gome
na kaka yangu Mihambo akinichapa mkono
huku anacheka.
Nyuki wachache walitoka mlangoni mwa tanuri
wakiwa tayari cheche.

Mihambo alikuwa na mizinga themanini
katika mitundu hiyo hiyo, kila mmoja na alama yake ya panga.
Mwaka juzi alishusha madebe.
Mwaka jana, ndoo mbili.
Mwaka huu alikuja kwetu na baiskeli
kuomba mbegu ya tumbaku.
Juu ya miti hakusema neno,
alilitazama tu rundo la kuni
kama mtu aliyesimama mbele ya ubao wa matokeo
akitafuta jina.

Chama kilitupa miche hamsini ya mikaratusi
katika viriba vyeusi. Bwana misitu aliandika "imepandwa"
akiwa juu ya pikipiki, hajazima.
Arobaini na miwili ilikufa kiu.
Minane imenifika kiunoni,
naipitishia maji ya kuoshea vyombo
mume wangu asipoona, maana anasema
maji ni ya kitalu.

Kasoga ameamka. "Ngapi?"
"Sitini na nane."
Ananusa. Ananusa tena.
"Nani anachemsha asali usiku huu?"
Nimempa bakuli la matobolwa.
Amekula taratibu, macho kwenye bomba la moshi,
na kipande cha mwisho hakukimaliza.

Keshokutwa tutafungua mlango,
majani yatakuwa na rangi ile ile ya asali,
na siku ya soko mteuzi ataliinua moja hadi puani,
ataandika herufi, ataandika namba,
atasema: linalofuata.

Zimebaki saa mbili kukuche.
Nimevuta gogo jingine kutoka kwenye rundo.
Hili nimeligonga kwanza kwa kifundo cha kidole,
hodi,
nikaweka sikio.

Joto limeshuka sitini na mbili.
Bado nasikiliza.